Kamati: shajara ya tamthilia yetu ya vichekesho vichungu

Machi, mvua zimeanza

Kwa anayeanza kufuatilia leo, tunaandika tamthilia ya TV, epizodi sita za dakika ishirini na tano hivi, jina la muda ni Kamati. Ni marafiki wawili wa kike wa Tandika, Dar, Zuhura fundi cherehani na Neema mwenye kibanda cha M-Pesa fremu ya pembeni. Zuhura ana baipola, ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kupita kiasi, na kwenye siku zake za kupanda, zile ambazo halali usiku na anaongea kama redio na kila kitu anaona kinawezekana, anatangaza harusi yake. Anaunda kamati, anachapisha kadi za mchango, singo elfu hamsini dabo laki, anateua mwenyekiti na MC, mhazini anamweka Neema kwa sababu simu yake ndo ina laini ya uwakala na watu wanamwamini. Bwana harusi hayupo, hajawahi kuwepo, na hela zinaanza kuingia.

Neema anaujua ukweli siku chache baadae, Zuhura kashalazwa, dawa zinatakiwa, nauli inatakiwa, kodi ya fremu imefika, na hela zote zipo kwenye simu yake yeye. Watu wale wale ambao ukiwaambia tumchangie Zuhura anaumwa akili watakwambia mwezi huu umebana dada angu, ndo hao hao wanaotuma laki ya dabo afu wanauliza sare ni rangi gani. Kwahiyo Neema ananyamaza. Ni epizodi sita za mtu aliyenyamaza huku kamati inakutana kila Jumapili kujadili keki.

Kuna jamaa kaniuliza mbona ugonjwa wa akili mnaufanya vichekesho, hamuogopi laana. Nikamwambia aende asubuhi ya siku ya kliniki akakae benchi la ndugu nje ya chumba cha daktari wa akili, hospitali yoyote ya mkoa, asikilize yale maongezi. Watu wanacheka pale, tena wanacheka sana, mama anahadithia jinsi mwanae alivyogawa kuku wote mtaani na kila aliyepewa kuku alishukuru na hakuna aliyerudisha. Anacheka na machozi yanamtoka, anafuta na khanga, anaendelea kuhadithia. Ile sauti ndo tunaitafuta.

Tusichokitaka ni yule chizi wa kwenye komedi zetu, nguo zimechanika, anaongea peke yake, anakimbiza watu, sini imeisha. Na ule utani wa "huyu apelekwe Mirembe" ambao kila Mtanzania ameshautumia au ameshatumiwa. Mirembe ipo Dodoma toka mwaka 1927, ni hospitali, ina manesi na wagonjwa na jiko na ndugu waliosafiri usiku kucha kuja kumuona mtu wao, lakini kwenye mdomo wa watu imebaki kuwa tusi. Kwahiyo tumeweka sheria ukutani kwenye chumba cha kuandikia: dalili hazichekwi. Wa kuchekwa ni sisi tulio wazima, kamati, ndugu, mwenye nyumba, mjumbe, na yule shangazi anayetaka kujua kama ukoo wa bwana harusi una ugonjwa wowote.

Machi, bado mvua

Tumekaa na mama mmoja nesi mstaafu wa afya ya akili, amesoma epizodi ya pili yote na kalamu nyekundu mkononi na sisi tumekaa kimya kama wanafunzi. Sini aliyoipenda ndo ile tuliyokuwa tunaiogopa.

Iko hivi. Zuhura ametoka wodini na haloperidol, dawa ya kutuliza ugonjwa wa akili, siku ya pili yuko nyumbani, ghafla shingo inaanza kupinda upande mmoja yenyewe, taya linakaza, macho yanapanda juu yamebaki hukohuko. Yuko na akili zake timamu, anasikia kila kitu, ila hawezi kuishusha shingo. Hayo ni madhara ya dawa yenyewe, yanajulikana, yanakuja zaidi siku za mwanzo mwanzo za dawa za jamii hiyo, na kuna dawa ya kuyatoa, Artane. Ila familia haijui. Mama yake Zuhura anaita sheikh wa mtaa, mama mdogo wake aliyeolewa na Mkristo anamleta mchungaji, wote wawili wanafika muda mmoja na kila mmoja ameshasikia kuwa pepo limepanda. Sasa wanaanza kubishana kistaarabu kabisa nani atangulie. "Tafadhali sheikh, anza wewe, ni nyumba ya Waislamu." "Hapana mchungaji, wewe ni mgeni, mgeni anatangulia." Na Zuhura amekaa katikati yao kwenye kochi shingo imepinda anajaribu kusema neno moja, Artane, Artane, lakini taya halifunguki, linatoka kama lugha ya kigeni, na mchungaji anasema mnasikia hiyo, ananena.

Wakati huo Neema yuko kwenye bodaboda anatafuta Artane. Duka la dawa muhimu la kwanza hawana. La pili muuzaji anamwangalia juu mpaka chini maana kuna watu wanazitafuta hizo dawa walewe, anamwambia lete cheti. Anarudi mikono mitupu, anamkuta mgonjwa ameshamwagiwa maji ya dua upande wa kulia na mafuta ya upako upande wa kushoto, anambeba kwenye bajaji mpaka hospitali, anachomwa sindano, na baada ya muda mfupi shingo inarudi mahali pake. Nyumbani sheikh na mchungaji kila mmoja ameshajihesabia ushindi.

Mama nesi alicheka mpaka akavua miwani. Afu akasema kitu kimoja, msimuweke nesi mbaya kwenye hii sini, ila muonyeshe kuwa wakati anaruhusiwa alipewa dawa kwenye bahasha na hakuna aliyemwambia hii inaweza kutokea ukiona hivi rudi, kwa sababu foleni nje ilikuwa ndefu. Tumeongeza. Ni sekunde kumi tu, mkono wa mtu anaandika 1x2 kwenye bahasha ya kaki na jina linalofuata linaitwa.

Pia alitupa zawadi nyingine. Zuhura anatumia carbamazepine, ambayo ni dawa ya baipola na pia ni dawa ya kifafa. Kwahiyo katibu wa kamati anaona boksi kwenye mkoba, anaitafuta kwenye simu, na kufikia jioni kamati nzima inajua bibi harusi ana kifafa na wanaanza kujadili kama bwana harusi ameambiwa. Wana huruma na bwana harusi! Mtu ambaye hayupo anapata huruma kuliko mgonjwa aliyepo. Hii tumeifanya ndo mwisho wa epizodi ya pili.

Aprili

Mwezi huu mgumu, tumekwama kwa Neema.

Tuna mshauri mwingine, dada anayeishi na baipola mwenyewe, tunamlipa kwa kila epizodi anayosoma sawa na tunavyomlipa mama nesi (hilo tulikubaliana toka mwanzo, uzoefu ni utaalamu). Alisoma rasimu zote nne zilizokuwepo, akanyamaza, afu akasema, "Zuhura namjua. Huyu Neema simjui. Huyu ni malaika, na mimi rafiki yangu angekuwa hivi ningeshamkimbia."

Tukamuuliza sasa rafiki yako wewe yukoje. Akasema rafiki yake alishawahi kumblock. Alishawahi kumwambia una drama. Alishawahi kuja hospitali na kukaa dakika tano akiangalia saa. Na bado ndo rafiki yake. Halafu akasema kitu ambacho kimebadilisha msimu mzima, akasema kuna marafiki wanakupenda zaidi ukiwa umepanda. Maana ukiwa umepanda unachekesha, unanunulia watu chips kuku, unacheza muziki saa tisa usiku, unawaambia watu ukweli wao, una mawazo elfu. Ukitumia dawa unanenepa, unalala, unajibu neno moja moja, mkono unatetemeka. Hawakwambii, lakini unaona machoni wanamtafuta yule mwingine.

Basi pale ndo tulipompata Neema. Neema amemmiss Zuhura wake. Zuhura wa dawa ameketi mbele ya cherehani anashona mshono mmoja kwa saa nzima na Neema anamwangalia kutoka kibandani kwake na hela za watu kwenye simu, mpweke kuliko siku zote. Kwahiyo epizodi ya nne tumeivunja yote. Sasa hivi Neema ndo mwenye jukumu la kumkumbusha dawa saa mbili usiku, na kuna usiku mmoja anaangalia saa, saa mbili inafika, hasemi. Kesho yake pia hasemi. Hatuelezi kwanini, hakuna muziki wa huzuni, hakuna sauti ya mawazo. Zuhura anaanza kuchangamka, anaimba, wanacheka mpaka kamasi zinawatoka, ni sini nzuri kuliko zote za urafiki kwenye tamthilia nzima na mtazamaji anajua inalipiwa na nini.

Mwenzangu ninayeandika nae hakuitaka. Alisema watu watamchukia Neema. Tulibishana kuanzia saa nne asubuhi mpaka muuza kahawa wa jioni akapita. Msimamo wangu ni kwamba ukiandika rafiki asiyechoka, umewaambia maelfu ya watu wanaouguza ndugu na marafiki zao kuwa kuchoka kwao ni dhambi. Na wanachoka jamani. Muuguzaji wa akili hapewi pole, hapelekewi uji, hakuna zamu, msiba tu ndo unajaza watu. Mwisho alikubali kwa sharti moja, Neema asisamehewe kwa urahisi. Sawa kabisa.

Mei

Epizodi ya tano ina jaribio la kujiua. Hatukuliweka kwa ajili ya kushtua watu, ila ukiwa umeshaandika kupanda kwa namna ile huwezi kukwepa kushuka, ingekuwa ni uongo.

Maamuzi yetu: haonekani akifanya, njia haitajwi, kifaa hakionekani, na hakuna barua inayosomwa kwa sauti nzuri. WHO, Shirika la Afya Duniani, walitoa mwongozo mwaka 2019 kwa ajili ya watengeneza filamu na watu wa jukwaani, unasema hayohayo, usionyeshe njia, onyesha kuwa msaada upo na watu wanapona, usifanye kifo kiwe jibu la matatizo. Kuna watu wanaona miongozo kama hii inafunga ubunifu. Mimi nimeona inatufungua, maana ukishajikataza kuonyesha tukio unalazimika kuandika kinachofuata, na kinachofuata hapa kwetu ni kituo cha polisi.

Wengi hawajui, ila kujaribu kujiua Tanzania ni kosa la jinai, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Wenzetu Kenya walikuwa nacho cha kwao, cha 226, Mahakama Kuu ya Nairobi ikakitangaza kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Hapa bado kipo. Kwahiyo kwenye skripti jirani mwema anaita polisi akidhani anasaidia, na Neema anajikuta kaunta anatafuta PF3, ile fomu ya polisi, ili shoga yake atibiwe, na afande wa zamu, mtu mpole kabisa mwenye usingizi, anajaza daftari.

"Mtuhumiwa nani?"

"Zuhura."

"Mlalamikaji?"

Kimya.

"Dada, lazima pawe na mlalamikaji. Nani kafanyiwa?"

"Zuhura, afande."

"Huyo huyo?"

"Huyo huyo."

Afande anaangalia daftari muda mrefu. Anauliza kama wawili hao wamewahi kugombana kabla. Neema anasema kila siku.

Dada mshauri wetu aliposoma hapo aliweka karatasi chini akatoka nje kidogo, tukaogopa. Aliporudi akasema hiyo "kila siku" msiiguse, msiiongeze na msiifafanue. Hatujaigusa.

Hospitali yenyewe hatuingii ndani. Huo uamuzi ulianza kwa sababu ya hela, kujenga wodi ni gharama, ila sasa naupenda kwa sababu nyingine. Tamthilia yote tunaiona kwa macho ya Neema, na Neema anaishia mlangoni. Tunaona geti, benchi, daftari la wageni, mkono wa Zuhura kwenye wavu. Safari ya Zuhura na Neema kwenda Dodoma tuliiandika kwenye treni ya umeme, ile iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, ilikuwa sini tamu maana Zuhura aliyepanda anamsifia kila abiria, lakini bajeti imesema hapana, tumeihamishia kwenye basi lililopaki. Inafanya kazi pia. Kwenye basi huwezi kuhama siti.

Mei, mwishoni

Tumeenda kuuza wazo kwa chaneli moja. Sitaitaja. Walicheka pale pa sheikh na mchungaji, tukajua tumeshinda, afu maswali yakaanza. La kwanza, nani ataangalia vichaa saa tatu usiku. Nikawapa hesabu ya WHO, mwaka 2019 mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa na tatizo fulani la afya ya akili, kwahiyo kwenye familia yoyote iliyokaa mbele ya TV yupo wao. La pili, epizodi ya mwisho Zuhura apone kabisa, ikiwezekana kwa maombi, "watu wapate tumaini". La tatu, na hili ndo liliniacha hoi, bwana harusi apatikane. Daktari! Daktari kijana wa wodini ampende, harusi iwe ya kweli, michango ihalalike.

Nimelala nikaliwaza, maana hela yao ni hela. Ila daktari kumuoa mgonjwa wake, mbali ya kuwa ni kosa la maadili ya kazi yao, inaua kitu kizima. Tamthilia hii ina mapenzi tayari, ni ya wanawake wawili wanaojuana toka darasa la tatu. Akija mwanaume akatatua deni la Neema, Neema hajawahi kuwa na uamuzi wowote. Na kupona kabisa, jamani, baipola watu wanaishi nayo, inatulia, wanafanya kazi wanalea watoto, wanaijua ikianza kunyemelea. Hilo ndo tumaini tunaloweza kulitoa bila kumdanganya mtu ambaye kesho ataacha dawa zake kwa sababu Zuhura wa kwenye TV aliacha.

Tumewajibu kwa heshima kuwa tutafikiria umaliziaji, ila bwana harusi hapana. Hawajarudi. Tunaendelea na hela za mfukoni na za prodyuza.

Juni, jua limerudi

Tumepiga sini tatu za majaribio!! Fremu ya kweli Tandika, mwenye nyumba katukodisha kwa siku mbili na akataka aonekane kwenye picha, ameonekana.

Sini niliyoisubiri ni ya uzi. Zuhura karudi kazini, mkono unatetemeka kwa dawa, anajaribu kupitisha uzi kwenye sindano ya cherehani. Basi. Kwenye karatasi ni mstari mmoja. Dairekta akaweka kamera karibu sana na ile sindano, tundu linaonekana, uzi unakuja unagonga pembeni ya chuma, unajikunja, anaulamba, anausokota kwa vidole, anarudi. Dada anayecheza Zuhura alishinda kwa fundi mmoja wa kweli ajifunze, na ile mitetemo alifundishwa na mama nesi, ndogo, ya haraka, inazidi pale unapojitahidi kuizuia. Kwenye teki ya kwanza aliiweka kubwa mno, mama nesi akasema sio mlevi huyu. Kwenye teki tuliyoichukua alikuwa anahangaika kweli, sio kuigiza, uzi ulikataa kweli, na anayecheza Neema amesimama mlangoni na skripti inasema asisaidie. Nikaona mkono wake unanyanyuka kidogo afu unarudi kwenye mfuko. Hilo halikuandikwa. Kisha mstari wake, "Kamati wanataka kujua keki iwe ya ghorofa ngapi." Na Zuhura bila kuinua macho, "Waambie tano. Bwana harusi mrefu."

Watu wa saundi walicheka mpaka tukarudia.

Kikao cha kamati tulikipiga uani, turubai, viti vya plastiki vya kukodi, maua, sahani za pilau. Si unajua Dar ukifunga turubai. Mama mmoja akapita akauliza harusi ya nani, kijana wetu wa laiti akajibu ya Zuhura, na yule mama akafungua pochi akamkabidhi elfu kumi, akasema atamtafuta mhazini amalizie. Tumemkimbilia kumrudishia, alikataa kuipokea mpaka tulipomwonyesha kamera, na hata hapo akasema basi mnunulie soda hao watoto. Dairekta anataka tukio lile lile liingie epizodi ya kwanza na nimekubali, nimeliandika tayari, kijana wa laiti ndo atalicheza.

Kinachofuata ni kibali cha Bodi ya Filamu, skripti zote sita zinaandaliwa kwenda nazo, na nataka mama nesi aandike ukurasa mmoja wa kuambatanisha kuhusu epizodi ya tano, namna tulivyolishughulikia lile tukio, kabla mtu hajauliza. Epizodi ya sita bado ina umaliziaji miwili. Mmoja Neema anasimama mbele ya kamati na kusema kila kitu. Mwingine Zuhura ndo anasimama, akiwa ametulia, na dawa, na anasoma mahesabu ya michango shilingi kwa shilingi, hii ilienda kwenye vidonge, hii nauli, hii kodi ya fremu, na mwisho anauliza kama kuna mwanakamati mwenye swali. Mwenzangu anataka wa kwanza. Mimi nataka wa pili, kwa sababu ni mara ya kwanza kwenye tamthilia nzima mgonjwa ndo anaongoza kikao. Dada mshauri tumempelekea yote miwili, anasoma Jumamosi.

Na bado tunatafuta mtu wa kumcheza mchungaji. Awe na sauti, awe mpole, na asije na mahubiri yake mwenyewe, wawili waliokuja usaili walianza kumuombea Zuhura kweli.